Ustawi wa Watumishi Wakati wa Misukosuko: Utafiti Unavyofanyika na Yaliyobainika Manyara

Mshahara ukibaki palepale huku bei ya debe la mahindi ikipanda, mtumishi amepunguziwa kipato bila barua yoyote kuandikwa. Atakachofanya baada ya hapo ndicho kiini cha utafiti wa ustawi wa wafanyakazi katika nchi zinazopita kwenye misukosuko ya kiuchumi na kisiasa. Huenda akaendelea kufika kazini saa 1:30 asubuhi kama kawaida, akafungua kibanda mtaani, akaomba uhamisho, au akavuka mpaka. Huenda pia akabaki ofisini, mwili ukiwepo na nia ikiwa kwingine. Kila mojawapo ya njia hizo humfikia mwananchi aliyeketi kwenye benchi la zahanati, au mtoto aliyemo darasani akimsubiri mwalimu.

Neno ustawi katika tafiti za aina hii halina maana ya mshahara pekee. Linajumuisha afya ya mwili na akili, usalama wa mahali pa kazi, makazi, uhusiano na viongozi, heshima anayopewa mtu kwa kazi yake, na uhakika wake wa kesho. Mambo haya huyumba pamoja uchumi unapoyumba, ingawa si yote huyumba kwa kiwango kimoja wala kwa wakati mmoja.

Mji wa Babati unafaa kuwa mahali pa kulitazamia suala hili. Tangu mwaka 2002, ulipoanzishwa Mkoa wa Manyara kwa kumegwa kutoka Arusha, Babati ni makao makuu ya mkoa, na ofisi, shule na hospitali zake zimewavuta watumishi kutoka pande zote za nchi. Barabara za Arusha, Singida na Dodoma hukutana hapa, ile ya Dodoma yenye urefu wa kilomita 251 ikiwa imekamilika kwa lami na kuzinduliwa mwaka 2018. Ni rahisi kwa mtumishi kuingia Babati, na ni rahisi vilevile kuondoka.

Wilaya hii imezoea kutembelewa na watafiti. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango wa hifadhi ya ardhi uliojulikana kwa kifupi kama LAMP, uliofadhiliwa na Sweden, uliendeshwa Babati na katika wilaya jirani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Södertörn walifika mara kwa mara kwa mafunzo ya uwandani. Waliandika mengi kuhusu udongo, misitu, mifugo na mashamba, na machache zaidi kuhusu watu waliokuwa wakilipwa kuvihudumia vitu hivyo.

Mfano wa Marienthal

Utafiti unaotajwa mara nyingi kuwa mama wa tafiti hizi haukufanyika Afrika. Ulifanyika Marienthal, kijiji cha viwanda karibu na jiji la Vienna nchini Austria, ambako kiwanda cha nguo kilichowaajiri wakazi wengi kilifungwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi duniani ulioanza mwaka 1929. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichapisha matokeo yao mwaka 1933.

Watafiti hao hawakuishia kuuliza maswali. Walipima kasi ya watu wanavyotembea barabarani na mara wanazosimama. Walihesabu vitabu vilivyoazimwa maktaba, wakachunguza milo ya familia, na kuwaomba wakazi waandike namna walivyotumia saa za siku. Waligundua jambo lililokwenda kinyume na matarajio: watu waliokuwa na muda mwingi kuliko wakati wowote walisoma vitabu vichache zaidi. Wanaume walitembea polepole na kusimama ovyo njiani, kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kuwahi. Mwendo wa wanawake ulikuwa wa haraka zaidi, kwani kazi ya kuendesha nyumba haikufungwa pamoja na kiwanda.

Baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi humpa mtu mambo matano yasiyoandikwa kwenye hati ya malipo: mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja, hadhi na shughuli ya kudumu. Hoja hiyo ndiyo inayowafanya watafiti wa leo wasiridhike na takwimu za mishahara peke yake. Yeye mwenyewe hakuepuka misukosuko. Alikamatwa na serikali ya Austria mwaka 1936 kwa sababu za kisiasa, na mwaka uliofuata akaondoka kwenda Uingereza.

Tanzania katika miaka ya 1980

Kwa Tanzania, kipindi kinachotoa mafunzo mengi zaidi ni kile kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viligharimu fedha nyingi za kigeni. Sabuni, sukari, mafuta ya kula na nguo viliadimika madukani, na katika baadhi ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 30.

Hesabu ndogo inaweza kuonesha uzito wa takwimu hiyo. Mshahara wa shilingi 500,000 usiobadilika, baada ya miaka mitatu ya mfumuko wa asilimia 30 kila mwaka, hununua kile ambacho mwanzoni kilinunuliwa kwa takribani shilingi 228,000. Mfumuko ukiwa asilimia 3, mshahara huohuo baada ya muda uleule hununua kile kilichonunuliwa kwa takribani shilingi 458,000. Mtumishi wa hali ya pili atanung'unika, lakini yule wa kwanza hana budi kutafuta riziki kwingine.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1982 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa kuhusu Tanzania ambayo kichwa chake kilitahadharisha kuwa mahitaji ya msingi ya wananchi yako hatarini. Wachumi T. L. Maliyamkono na Mboya Bagachwa, katika kitabu chao cha mwaka 1990, waliuchunguza uchumi wa pili, yaani shughuli zote zilizofanyika nje ya takwimu rasmi. Aili Mari Tripp, katika kitabu cha mwaka 1997 kilichotokana na utafiti alioufanya Dar es Salaam, alieleza jinsi familia za waajiriwa zilivyogeukia miradi ya nyumbani: kufuga kuku, kuoka maandazi, kushona, kuuza barafu, kulima pembezoni mwa mji. Mara nyingi kipato cha mke, watoto na wazee ndicho kilichobeba nyumba, huku mshahara wa mwajiriwa ukibaki kuwa nyongeza.

Kwa mtafiti wa ustawi, hapa pana funzo la kiufundi. Mtu aliyeangalia orodha ya mishahara peke yake angehitimisha kwamba watumishi hawakuweza kuishi. Aliyeangalia mahudhurio peke yake angeona ofisi zimejaa. Ukweli ulikuwa katikati: watu waliishi, na kazi ya umma ilifanyika kwa nguvu zilizobakia. Zaidi ya hapo, sera za wakati huo zilifanya maswali ya kipato kuwa nyeti. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 yaliwazuia viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, na mwaka 1983 zilipitishwa sheria dhidi ya uhujumu uchumi na ile ya nguvu kazi. Mtumishi mwenye mradi wa kuku uani hakuwa na sababu ya kumweleza mgeni mwenye karatasi na kalamu. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, miaka mitano baada ya Mpango wa Kufufua Uchumi kuanza mwaka 1986. Mageuzi hayo nayo yalileta hofu ya aina nyingine, kwa kuwa katika miaka ya 1990 watumishi wengi wa serikali na mashirika ya umma walipunguzwa kazini.

Mbulu: haki kabla ya motisha

Kutoka Babati, kuelekea magharibi juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ndiko ulikofanyika utafiti wa karibu zaidi na mada hii kwa Mkoa wa Manyara. Nils Gunnar Songstad na wenzake, wakiwemo Ole Bjørn Rekdal, Deodatus Massay na Astrid Blystad, waliwahoji watumishi wa afya wa Wilaya ya Mbulu, wakachapisha makala zao kati ya mwaka 2011 na 2012. Wilayani humo ndimo ilimo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, ikihudumia wananchi pamoja na vituo vya serikali. Watafiti waliweza kuwalinganisha waajiriwa wa aina mbili wanaofanya kazi ileile katika mazingira yaleyale.

Makala ya kwanza, ya mwaka 2011, haikujikita kwenye umaskini wa vituo bali kwenye hisia ya kutotendewa haki. Watumishi walizungumzia mishahara isiyolingana na elimu, wingi wa kazi na hatari wanazokabiliana nazo. Walizungumzia kupandishwa vyeo kunakochelewa, uhaba wa nyumba, na nafasi za semina zenye posho zinazowaendea wachache. Walijilinganisha na watumishi wa sekta nyingine. Waandishi walisisitiza kuwa malalamiko hayo hayaeleweki vizuri bila kutazama historia ya nchi na mahali pa dhana ya haki katika uhusiano wa Mtanzania na mwajiri wake. Mhoji aliyefika na neno motisha kwenye dodoso alijibiwa kwa neno haki, na maneno hayo mawili hayapimi kitu kimoja.

Makala nyingine, ya mwaka 2012, iliuliza kwa nini watumishi wa afya vijijini hupendelea kuajiriwa na serikali. Jibu lilikuwa pensheni, uhakika wa kutofukuzwa ovyo, mshahara na fursa ya kwenda masomoni. Wahojiwa waliikiri hospitali ya misheni kuwa na mazingira bora ya kufanyia kazi, yakiwemo vifaa na usimamizi. Hata hivyo, wengi waliweka mbele uhakika wa uzeeni kuliko ubora wa leo. Kwa watu waliokulia katika nyumba zilizopitia miaka ya 1980 na upunguzaji wa miaka ya 1990, chaguo hilo halipaswi kumshangaza yeyote.

Songstad na wenzake waliutazama pia Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao watumishi waliufahamu kwa jina la OPRAS na ulioanza mwaka 2004. Wahojiwa waliuona kuwa ni fomu za kujaza zisizorudisha mrejesho wala kuleta tofauti kati ya anayejituma na asiyejituma. Mfumo huo sasa umepisha ule wa kielektroniki wa PEPMIS. Utafiti wa namna ya Mbulu ukirudiwa leo ungeweza kuonesha kama mabadiliko ya mfumo yamegusa hisia za watu au yamegusa kompyuta pekee.

Matokeo ya Mbulu hayasimami peke yake. Utafiti wa Hospitali ya Taifa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kuwa karibu nusu ya madaktari na wauguzi waliohojiwa hawakuridhika na kazi zao. Suleman Sumra, kwa ajili ya HakiElimu na Chama cha Walimu Tanzania, aliandika mwaka 2004 kuhusu maisha ya walimu, na suala la makazi lilijitokeza humo kwa nguvu.

Palipokuwa na vita

Misukosuko ya kisiasa huongeza swali jingine: mtumishi yuko salama? Kaskazini mwa Uganda, wakati wa vita vya Lord's Resistance Army vilivyodumu kwa takribani miongo miwili, watumishi wa afya walikuwa miongoni mwa waliowindwa, kwa kuwa waasi walihitaji dawa na watu wa kuwatibu. Justine Namakula na Sophie Witter, katika makala ya mwaka 2014, walikusanya simulizi za maisha za waliobaki kazini. Wengi walikuwa wenyeji wa maeneo hayo, na uhusiano wao na jamii, imani za dini na mshikamano wa wenzao ndivyo vilivyowashikilia. Njia ya simulizi ya maisha ilichaguliwa kwa sababu dodoso la mara moja haliwezi kueleza kwa nini mtu aliyetishiwa alirudi kazini kesho yake.

Mashariki mwa Kongo na nchi nzima ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, dola ilipoacha kuwalipa walimu ipasavyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi walianza kuchanga. Mchango huo uliokusudiwa kuwa wa muda ulidumu hadi serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Mwalimu alipata chakula, lakini alijikuta akiwategemea wazazi wa wanafunzi anaowasahihisha.

Nchini Zimbabwe, takwimu rasmi ya mfumuko wa bei ya Julai 2008 ilifikia asilimia milioni 231 kwa mwaka, na walimu na wauguzi wengi walihamia nchi jirani. Sri Lanka, ilipoishiwa fedha za kigeni mwaka 2022, iliwapa watumishi wa umma ruhusa ya kutofika kazini siku za Ijumaa ili walime chakula chao.

Kupima kwa usahihi

Tatizo la kwanza la utafiti katika mazingira hayo ni kwamba waliokwishaondoka hawahojiwi. Zahanati iliyokuwa na wauguzi watano na sasa ina wawili itatoa majibu ya wawili waliostahimili, na taarifa itaonesha kuwa wafanyakazi ni wastahimilivu. Kumtafuta aliyehama ni kazi ya gharama, lakini bila yeye picha huwa na tabasamu lisilostahili.

La pili ni hofu. Dodoso linalogawiwa na msimamizi na kukusanywa na msimamizi hupima utii. Ndiyo maana taratibu za maadili hutaka ridhaa ya mhojiwa, usiri wa jina lake, na haki yake ya kukataa bila kuadhibiwa. Katika kituo chenye mtumishi mmoja wa cheo fulani, kutaja cheo ni sawa na kutaja jina.

La tatu ni lugha. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kinachoitwa WHO-5 kina sentensi tano kuhusu hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita. Kila moja hupewa alama 0 hadi 5, na jumla huzidishwa kwa 4 ili ifikie 100. Ni kifupi na kimekwishatafsiriwa kwa lugha nyingi, kikiwemo Kiswahili. Hata hivyo, mtu wa Babati akiulizwa kama ana furaha, aghalabu atajibu kwamba anamshukuru Mungu, na jibu hilo linaweza kusimama penye 0 au penye 5. Mwingine atasema ana mawazo. Karani asiye makini ataandika kuwa mhojiwa anafikiri, ilhali mhojiwa ameeleza kuwa amelemewa. Pia, wapo watumishi ambao Kiiraqw, Kigorowa au Kirangi ndiyo lugha yao ya nyumbani, na huzuni yao haijazoea Kiswahili cha ofisini. Mhoji anayefahamu hayo huuliza pia mambo yanayohesabika: mara ya mwisho kuchukua likizo, umbali wa nyumba anayopanga, idadi ya watu wanaotegemea mshahara huo, deni alilonalo.

Sio misukosuko yote hutokana na siasa au soko. Maporomoko ya tope na mawe yaliyoikumba Katesh, Wilaya ya Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, yaliua zaidi ya watu 80. Waliookoa, waliotibu na waliotoa ushauri nasaha ni pamoja na watumishi waliokuwa wakiishi mji huohuo. Tafiti za baada ya maafa huwasahau kwa urahisi watu wa kundi hili, kwa sababu huhesabiwa upande wa watoa huduma.

Kibali, viwango vya sheria na mahali pa kupeleka shauri

Anayetaka kufanya utafiti kuhusu watumishi mkoani Manyara hupata kwanza kibali. Watafiti wa kigeni hukiomba Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na tafiti za afya hupitiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) au kamati ya maadili inayotambuliwa. Baada ya hapo barua hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri husika. Mtumishi anayehojiwa anayo haki ya kuomba kuoneshwa kibali hicho kabla ya kujibu swali lolote.

Viwango vya kulinganishia vimo katika sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, likizo ya mwaka ya siku 28, na likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Usalama wa mahali pa kazi husimamiwa na OSHA chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliyeumia au kuugua kutokana na kazi hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kuhusu kipato, kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kiliongezwa kwa asilimia 35.1 kuanzia Julai 2025, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kama ilivyotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan katika sherehe za Mei Mosi mkoani Singida.

Mabaraza ya wafanyakazi, ambayo asili yake ni Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970, ndiyo mahali pa kwanza pa mtumishi kuleta hoja zinazogusa wengi. Kwa shauri la mtu binafsi, mtumishi wa umma hutakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa za utumishi wa umma, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma. Mwajiriwa wa sekta binafsi hufungua mgogoro wake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Iwapo ameachishwa kazi, anapaswa kufanya hivyo ndani ya siku 30 tangu kuachishwa.